Nahodha wa Mfereji wa Potomac

Mfereji wa Chesapeake na Ohio ulianza kuchimbwa kando ya Mto Potomac, mashariki mwa Marekani, tarehe 4 Julai 1828. Ulipofika mji wa Cumberland mwaka 1850, urefu wake ulikuwa kilometa 297. Kazi yake kubwa ilikuwa kuteremsha makaa ya mawe kutoka milima ya Maryland hadi Georgetown, ndani ya Washington ya leo. Kwa zaidi ya miaka 70 shehena hiyo ilikuwa mikononi mwa nahodha wa boti isiyo na tanga wala injini, iliyokokotwa na baghala waliotembea ukingoni.

Siku ile ile mfereji ulipozinduliwa, kampuni ya reli ya Baltimore na Ohio nayo iliweka jiwe lake la msingi. Reli ilifika Cumberland mwaka 1842, miaka minane kabla ya maji. Unahodha wa mfereji basi ulianza ukiwa tayari na mshindani mbele yake, ukaishi kwa sababu makaa ni mzigo mzito usio na haraka.

Boti ilikuwa na urefu wa mita 28 hivi na upana wa mita 4.4, na ilibeba tani 110 hadi 120. Mbele kulikuwa na zizi, katikati ghala la majani makavu, na nyuma kibanda cha familia kisichozidi mita tatu kwa nne. Humo mke alipika, watoto walilala, na wengine walizaliwa humo humo. Baghala wawili au watatu walivuta kwa saa sita hivi, kisha wakapandishwa botini kwa ubao na wenzao wakashushwa kushika zamu. Mtoto ndiye aliyewaswaga, akitembea kwa miguu nyuma yao; nahodha au mkewe alikuwa kwenye usukani. Watoto wadogo wasioweza kazi walifungwa kamba kiunoni juu ya paa la kibanda wasije wakatumbukia.

Ustadi wa nahodha ulionekana kwenye malango ya maji. Kati ya Cumberland na Georgetown maji hushuka karibu mita 184, na mteremko huo uligawanywa kwa malango 74. Lango ni chumba cha mawe chenye mageti mawili. Boti inayoteremka huingia, geti la nyuma hufungwa, maji hutolewa kidogo kidogo hadi yalingane na ya chini, kisha geti la mbele hufunguliwa. Upana wa chumba ulikuwa mita 4.6 tu, kwa hiyo nafasi iliyobaki kila upande haikufika kiganja cha mtu, na aliyeteleza kati ya boti na ukuta hakuwa na pa kujiokoa. Boti yenyewe haina breki. Nahodha alipuliza baragumu akiwa bado mbali ili mlinzi wa lango ajiandae, kisha mtu aliruka ukingoni na kuzungusha kamba nene kwenye nguzo kuipunguza kasi. Akikosea, boti iligonga geti, na geti likivunjika mfereji mzima ulisimama. Alama za kamba zilizochimbika kwenye mawe ya malango zinaonekana hadi leo.

Boti mbili zilipokutana, mojawapo ilisimamisha baghala wake, kamba yake ikalegea na kuzama, na nyingine ikapita juu yake. Ndani ya handaki la Paw Paw, lenye urefu wa mita 950, hilo halikuwezekana, kwa kuwa nafasi ilikuwa ya boti moja. Husimuliwa kwamba manahodha wawili walikutana humo na kila mmoja akakataa kurudi nyuma. Siku kadhaa zilipita, foleni ikirefuka pande zote mbili, hadi msimamizi wa kampuni alipowasha moto wa mabua mabichi ya mahindi mdomoni mwa handaki na moshi ukawafukuza. Ubishi huo unaeleweka. Mtu aliyelipwa kwa safari, si kwa siku, aliona kila saa ya kusubiri kuwa hasara yake mwenyewe.

Neema ilifika kilele mwaka 1875, mfereji ulipobeba karibu tani milioni moja. Wakati huo nahodha aliweza kumiliki boti yake, akaipa jina alilotaka na kupanga safari zake. Msimu ulianza Machi na kwisha Desemba. Kipupwe maji yaliondolewa kwa matengenezo, na familia nyingi ziliishi kwa akiba au vibarua.

Mafuriko ya mwaka 1889 yalibomoa kingo na kuifilisi kampuni. Mwaka uliofuata mfereji ukaangukia mikononi mwa watu wa reli, washindani wa tangu mwanzo. Mwaka 1902 iliundwa Canal Towage Company, ikachukua boti, baghala na ratiba. Boti zikapewa namba badala ya majina, na nahodha akawa mtu wa kuajiriwa. Kwa haki, kifo cha unahodha kihesabiwe kuanzia hapo, kwani kilichobaki kilikuwa kibarua cha familia nzima kwa ujira wa mtu mmoja. Uchunguzi wa idara ya kazi ya serikali, uliochapishwa mwaka 1923, ulikuta kwamba hakuna familia iliyotaja kazi ya chini ya saa 15 kwa siku, na nyingi zilitaja 18. Aliyelipwa ni baba peke yake, na watoto walikosa miezi mizima ya masomo kwa sababu msimu wa boti uliingia ndani ya muhula wa shule.

Mafuriko mengine yalikuja mwaka 1924. Safari hii hakuna aliyekarabati mfereji kwa ajili ya boti, na manahodha wa mwisho wakashuka nchi kavu kutafuta kazi nyingine. Serikali ya Marekani iliununua mwaka 1938 kwa dola milioni 2, na mwaka 1971 ukatangazwa kuwa hifadhi ya kihistoria ya taifa.