Kitufe cha "Anza" kimetoka mbali

Mtoto anayejifunza kutunga mchezo kwa programu ya Scratch hufika siku akataka kitufe chake cha "Anza", na mara nyingi mkubwa aliye karibu humwambia hakihitajiki, kwa kuwa bendera ya kijani iliyo juu ya jukwaa inatosha. Ushauri huo una kasoro, na historia ya michezo ya kompyuta inaionyesha: kuwasha mashine na kuanza mchezo ni mambo mawili, nayo yalitenganishwa zamani. Mashine ya nyumbani ya Atari ya mwaka 1977, iliyokuja kuitwa 2600, ilikuwa na safu ya swichi sita. Ya umeme ilikaa kushoto kabisa, ya kuanzisha mchezo kulia kabisa. Kwenye Asteroids ya mwaka 1979, mchezo wa kulipia kwa sarafu, skrini ilijionyesha yenyewe pasipo mchezaji. Mtu akishatumbukiza sarafu, alibonyeza kitufe cha mchezaji mmoja au cha wawili, ndipo vita vikaanza. Mwaka 1983 Nintendo ya Japani ikatoa mashine ya Famicom, na kitufe cha kuanza kikahamia katikati ya kidhibiti, mkononi mwa mchezaji mwenyewe.

Scratch ilizinduliwa mwaka 2007 na kundi la Mitchel Resnick katika chuo cha MIT, Marekani, ikifuata nyayo za Logo ya mwaka 1967. Bendera yake ni swichi ya umeme ya zama hizi: huamsha programu nzima. Maagizo yote ya adui yakiwekwa chini yake, adui hushambulia kabla mchezaji hajamaliza kusoma maelekezo. Kitufe hutatua hilo kwa vipande sita tu vya maagizo. Bendera ikibonyezwa, kitufe kinaonekana na kusogea mbele ya wahusika wengine. Kikibonyezwa chenyewe, kinajificha na kutangaza ujumbe. Adui naye anangoja ujumbe huo ndipo atembee.

Wapo wanaosema kutangaza na kupokea ujumbe ni mzigo kwa anayeanza, na kwamba makosa yake hayaonekani kwa urahisi. Ni kweli yapo. La kawaida ni kusahau kipande cha "onekana": mchezo unachezwa vizuri mara ya kwanza, mara ya pili kitufe hakipo, kwa sababu kilijificha na hakuna aliyekiita kirudi. Lakini kosa hilo ndilo linalomfundisha mtoto kwamba programu haijisafishi yenyewe, na kila mwanzo lazima uandaliwe. Somo hilo halipatikani kwa kumsogeza tu paka wa Scratch kulia na kushoto. Lugha nayo si kizuizi: Kiswahili kimo katika orodha ya lugha za Scratch. Mzazi na mwalimu, mtoto akitaka kitufe chake, mwacheni akitengeneze.