Nchi Isiyo na Watu

Kutoka Mikindani hadi Changamwe si safari ya kuchosha miguu. Nasema Mikindani hii yetu ya bara ya Mombasa, yenye mikoko yake kando ya maji ya Tudor, wala si ile bandari kongwe iliyo karibu na Mtwara. Hapo Changamwe ndipo reli ya zamani, iliyoanza kujengwa mwaka 1896, inapoanza kuikabili bara baada ya kuvuka kutoka kisiwani. Mwezi wa Aprili, mwaka 1909, lilipita njia hiyo gari la moshi lililomchukua mgeni mashuhuri. Mgeni huyo alikuwa Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais wa Marekani wiki chache tu kabla. Katika safari hiyo alitengenezewa kiti mbele ya injini, akakaa hapo apate kuiona nchi bila kizuizi cha dirisha.

Mwaka 1910 Roosevelt alitoa kitabu cha safari yake, na sura ya kwanza aliipa jina lenye maana ya kuwa reli hii yapita katika Pleistosini, yaani zama za kale zilizokwisha zaidi ya miaka 11,000 iliyopita. Tafakari neno hilo, msomaji. Haki ni kusema kwamba hakuwa akiusema mji wa Mombasa, mji wenye misikiti na forodha, mji wa malenga Muyaka bin Haji. Alikuwa akizisema nyanda za juu na makundi ya wanyama aliyoyaona huko. Lakini nyanda hizo nazo zilikuwa na watu: Wakamba, Wamasai, Wakikuyu na wengine, nao waliishi mwaka ule ule wa 1909 alioishi yeye. Wazo la kuwa nchi hii ni ya zamani mno, tena ni ya wanyama zaidi kuliko ya watu, halikubaki kitabuni. Lilitiwa rangi, likachongwa, likawekwa nyuma ya kioo katika makumbusho makubwa ya New York, na mamilioni ya watu wakalitazama. Habari ya kazi hiyo ndiyo nitakayokusimulia.

Kwanza tuelewane juu ya aina ya sanaa tunayoitaja. Iko sanaa ya mapambo, kama nakshi za milango ya Mji wa Kale, ambayo haidai kuwa picha ya kitu fulani. Na iko sanaa inayoiga umbo la vitu kama jicho linavyoviona: mtu awe mtu, jahazi liwe jahazi. Aina hii ya pili si ngeni kwetu. Ukivuka kwenda kisiwani, ukaingia Ngome ya Yesu, ambayo ilikuwa gereza tangu 1895 hadi 1958 na sasa ni makumbusho, utaiona michoro iliyochorwa ukutani na askari wa Kireno, ikionyesha merikebu na watu. Askari wale hawakuwa mafundi wakubwa. Hata hivyo tunajua walichokikumbuka walipokuwa mbali na kwao. Wamarekani ninaotaka kuwataja walikuwa mafundi hasa, na kwa hiyo kazi yao ni ngumu zaidi kuisoma.

Mkuu wao aliitwa Carl Akeley, aliyezaliwa mwaka 1864. Kazi yake ilikuwa kuzihifadhi ngozi za wanyama na kuzirudishia umbo la uhai. Alifika Afrika mara tano, ya kwanza mwaka 1896 na ya mwisho mwaka 1926. Katika safari iliyoanza mwaka 1909 alikutana na Roosevelt huko Uasin Gishu, na Roosevelt akamsaidia kupata ndovu kwa ajili ya makumbusho ya New York. Mwaka uliofuata, katika misitu ya Mlima Kenya, ndovu alimshambulia Akeley akamponda kifua na uso, na wapagazi wakadhani amekwisha kufa. Mkewe, Delia, ndiye aliyekusanya watu wakapanda mlimani kumwokoa. Yasemekana kwamba wakati akiuguza majeraha hayo ndipo lilipomjia wazo la kujenga ukumbi mmoja mkubwa ambao ungeionyesha Afrika yote ya wanyama kabla haijatoweka.

Kisha kuna mchoraji, William Robinson Leigh. Alizaliwa mwaka 1866, akajifunza kazi yake Munich, Ujerumani, akapata jina kwa picha zake za majangwa na watu wa magharibi ya Marekani. Mwaka 1926 Akeley alimchukua pamoja na mchoraji mwingine, Arthur Jansson, katika msafara uliogharimiwa na matajiri wawili, George Eastman, yule wa kamera za Kodak, na Daniel Pomeroy. Msafara ulipitia Mombasa kuelekea bara, na mwisho wake ulikuwa katika milima ya Virunga, Kongo. Huko, mwezi wa Novemba mwaka ule ule, Akeley aliugua akafa, akazikwa kwenye mteremko wa mlima Mikeno. Leigh aliendelea kuchora mahali pale pale, kwa maana picha ya gorila ilikuwa ndiyo iliyopendwa zaidi na marehemu.

Yafaa ujue jinsi kazi hizo, ziitwazo diorama, zinavyotengenezwa, kwa kuwa ustadi wake wastahili heshima. Mtu asiyejua hudhani kwamba mnyama hujazwa majani makavu kama mto wa kulalia. Ndivyo walivyofanya watu wa kale, na wanyama wao walitoka wamevimba ovyo. Akeley alimpima mnyama viungo vyote angali mzima wa mwili, akapiga picha, akaweka mifupa. Alipofika nyumbani alimfinyanga kwa udongo, msuli kwa msuli, kama afanyavyo mchonga sanamu. Juu ya udongo huo alitengeneza kalibu ya plasta, na ndani ya kalibu akaunda umbo jepesi, tupu ndani, la tabaka za karatasi na gundi na waya. Mwisho ngozi yenyewe ilivalishwa umbo hilo. Majani ya miti yalitengenezwa kwa nta, moja moja, kwa kufuata majani halisi yaliyochumwa safarini.

Nyuma ya wanyama ndipo ilipo kazi ya mchoraji. Ukuta wake haukunyooka. Umepinda kama nusu ya chungu, ili macho yasikutane na pembe yoyote. Leigh alileta picha ndogo alizozichora kwa rangi za mafuta pale pale porini, na yeye na wasaidizi wake wakazikuza juu ya ukuta huo. Ugumu uko hapa: mchoro uliokaa sawa kwenye turubai hupindapinda ukihamishiwa ukuta uliopinda, basi mchoraji hana budi kuupotosha kwa makusudi upate kuonekana umenyooka. Ugumu wa pili ni pale ardhi ya kweli, yenye mchanga na nyasi, inapokutana na ardhi ya rangi. Fundi akishindwa hapo, udanganyifu wote umefichuka. Katika jumba lile, hata ukijua siri hiyo, ni shida kupata mahali mchanga unapokoma na rangi inapoanza.

Ukumbi huo ulifunguliwa mwaka 1936, ukaitwa kwa jina la Akeley. Una diorama 28 katika ghorofa mbili, na katikati limesimama kundi la ndovu wanane, kama walioshtushwa na harufu ya adui. Kuzunguka pande zote zimo nchi tunazozijua kwa majina. Liko bwawa karibu na mto Ewaso Nyiro, twiga na punda milia na choroa wakija kunywa. Wapo bongo katika misitu ya Aberdare, na simba wa Serengeti. Yupo gorila wa Mikeno akijipiga kifua. Mimi naamini hakuna mtoto wa Afrika Mashariki atakayesimama mbele ya vioo hivyo asione fahari, kwa kuwa mwanga ule wa alasiri ni wetu, wala haukubuniwa.

Sasa tazama tena. Watu wako wapi?

Kwenye maji ya Ewaso Nyiro Wasamburu na Waborana hunywesha mifugo yao. Katika picha hakuna ng'ombe wala ngamia, hakuna boma, hakuna hata unyayo wa mtu. Serengeti walikuwamo Wamasai na mifugo yao. Hawaonekani. Kila jani limenakiliwa kwa uaminifu, na kila mlima umekaa mahali pake, lakini mwenye nchi ameondolewa. Na hapa ndipo ninapotaka uwe mwangalifu, wewe unayejifunza historia: picha hiyo haikusema uongo kwa kuchora kisichokuwapo. Ilisema kwa kuacha. Mchoraji mbaya tungemshuku mara moja. Huyu tunamwamini kwa sababu ya ufundi wake, na kwa hiyo hatuulizi.

Wala hawakuwa hawawajui watu wa nchi. Mmoja wao alikuwa Wimbia Gikungu, Mkikuyu, aliyejiunga na Akeley mwaka 1905 akiwa kijana wa miaka 13 hivi. Alimtumikia katika safari zaidi ya moja, na Akeley alimsifu sana kwa ujuzi wa kufuata nyayo za wanyama, hata akampa sura nzima katika kitabu chake cha mwaka 1923. Ila sura hiyo haina jina la Gikungu. Ina jina la kupachikwa, Bill, nalo ndilo Wamarekani walilomjua kwalo. Ukiwafikiria pamoja naye wapagazi waliobeba chumvi ya kuhifadhia ngozi, wapishi, na wachunaji, utaona kwamba ukumbi ule umesimama juu ya mabega ya watu ambao haukuwatia katika picha.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Sababu moja ni ya heshima. Akeley aliona bunduki na mashamba vikiwamaliza wanyama, akataka vizazi vijavyo vibaki na ushahidi. Naye ni miongoni mwa waliomshawishi Mfalme Albert wa Ubelgiji kuanzisha mwaka 1925 hifadhi ya Virunga, iliyo ya kwanza ya aina yake barani Afrika. Sababu ya pili ni lile wazo la gari la moshi la Roosevelt: kwamba nchi hii ni dunia ya mwanzo, na mtu mweusi akionekana ndani yake ataiharibia sura yake ya umwanzo. Mawazo haya mawili yaliingiliana kama nyuzi za mkeka. Sisemi kwamba picha ndizo zilizowahamisha watu. Lakini mwaka 1959, Wamasai walipoondolewa katika hifadhi ya Serengeti, walioagiza jambo hilo walikuwa wamezoea kuiona Serengeti kama inavyoonekana nyuma ya kioo.

Mwafrika alipata mahali pake katika makumbusho hayo, ila nje ya mlango. Mwaka 1940 ilisimamishwa mbele ya jumba sanamu kubwa ya shaba, kazi ya mchongaji James Earle Fraser. Roosevelt amepanda farasi. Upande mmoja anatembea kwa miguu mwenyeji asilia wa Amerika, upande wa pili Mwafrika, na wote wawili hawana majina. Fraser alisema kwamba hao ni viongozi wa njia, nao ni mfano wa mabara mawili. Huenda ndivyo alivyokusudia. Lakini kiongozi wa njia hutangulia, ilhali hawa wako ubavuni mwa farasi, na mtazamaji wa barabarani hasomi nia ya mchongaji. Husoma nani yuko juu na nani yuko chini.

Mabishano juu ya sanamu hiyo yalidumu miaka mingi. Mwaka 2019 makumbusho yenyewe yalifanya maonyesho kuihusu, yakieleza ilivyotengenezwa na kuwaachia watu wa maoni mbalimbali waseme. Mwaka 2020 wakuu wake waliomba iondolewe, na Januari 2022 ikaondolewa, kwa makubaliano ya kupelekwa North Dakota, katika maktaba ya kumbukumbu ya Roosevelt. Wapo waliolia kwamba historia inafutwa. Mimi siwaungi mkono, kwa kuwa sanamu iliyohamishwa haikuvunjwa, na habari zake zasomwa leo kuliko zamani ambapo watu walipita chini yake wakikimbilia mlangoni.

Lakini njia niipendayo zaidi ni nyingine, iliyotumika katika jumba hilo hilo mwaka 2018. Iko diorama ya New York ya kale, ikionyesha Waholanzi wakikutana na wenyeji wa Kilenape, ambao wamechorwa wakiwa nusu uchi na wanyonge. Diorama haikuvunjwa. Palibandikwa maandishi makubwa juu ya kioo chenyewe, yakieleza ni wapi mchoraji alikosea, mtu gani mwenye cheo amefanywa kama mtumishi, na ni mavazi gani wangeyavaa siku ya mkutano kama ule. Mtazamaji aiona picha na sahihisho lake kwa mtazamo mmoja.

Fikiria basi kwamba umepewa wewe kioo cha Ewaso Nyiro, na kalamu. Twiga waache, na mwanga wa alasiri uache, maana ni kazi njema. Ungeanza na jina la nani? Mimi ningeandika, upande wa kushoto, pale njia ya maji inapopinda: Wimbia Gikungu, aliyejua nyayo hizi kabla ya mchoraji kufika.