Safu nyumbufu

Safu ni vitu vilivyopangwa mstari mmoja. Katika lugha ya C, safu ikikaa mwisho wa muundo wa data bila urefu wake kujulikana mapema, istilahi inayoifaa ni "safu nyumbufu", kwa kuwa hunyumbuka kama ufito mbichi. Waandishi wa viendeshi vya Linux walizoea kuiandika [1] au [0]. Maandishi yote mawili si ya kweli: moja ladai kuna kipengele kimoja, jingine ladai hakuna kitu, ilhali kadi ya mtandao yaweza kujaza humo mamia ya baiti. Kiwango cha C cha mwaka 1999 kilileta mabano matupu, [], yanayokiri wazi kwamba urefu haujatajwa.

Wapo wasemao kuugusa msimbo unaofanya kazi ili kuweka [] ni kujitafutia balaa. Hoja hiyo ina uzito: [1] ikiondolewa, ukubwa wa muundo huweza kupungua, na kila hesabu ya kumbukumbu lazima ipimwe upya. Lakini ukiuliza ukubwa wa [0], kompaila hujibu sifuri na kosa hupita kimya. Ukiuliza wa [], hukataa papo hapo. Na kuhusu jina, kuiita "safu badilifu" hakutoshi, maana urefu haubadiliki ovyo. Huamuliwa kumbukumbu inapotengwa. Jina sahihi humkinga mwandishi na msomaji pia.