KUPIGA KAMBI KISIWANI RUBONDO: MAMBO YA KUJUA KABLA HUJAPANDA BOTI

Wadau, kila nikisema nimelala kwenye hema Rubondo swali ni lile lile: "Kule si kwa wazungu?" Hapana. Ni hifadhi yetu, Mtanzania analipa kwa shilingi na anapiga kambi kama kawaida. Shida ni kwamba hakuna anayetuelekeza, ndio maana nimeamua kuandika yote niliyoyaona. Sehemu ya boti isome mara mbili, hiyo ndiyo iliyotaka kututoa roho.

RUBONDO NI WAPI?

Ni kisiwa cha kusini magharibi mwa Ziwa Victoria, mkoa wa Geita. Kilikuwa pori la akiba mwaka 1965, kikawa hifadhi ya taifa 1977. Kabla ya hapo kilikuwa na wakazi, wengi wavuvi, nao walihamishiwa visiwa vya jirani na bara. Hifadhi nzima ni kama kilomita za mraba 457, karibu nusu yake ni maji. Kisiwa chenyewe kina urefu wa karibu kilomita 28, sehemu kubwa ni msitu mnene. Kuna na visiwa vidogo vidogo pembeni. Maji yake ni mazalia ya samaki, ndio maana wavuvi wa kawaida hawaruhusiwi kutega humo.

KUNA NINI CHA KUONA?

Wenyeji asilia ni kiboko, mamba, pongo na nzohe, yule swala wa majimaji mwenye kwato ndefu zilizopanuka ili asizame kwenye tope. Wengine waliletwa: tembo, twiga, mbega. Kati ya 1966 na 1969 waliletwa sokwe waliokuwa wamefugwa Ulaya kwenye bustani za wanyama. Waliachiwa tu bila mafunzo yoyote, na wakaweza! Wajukuu zao leo ni sokwe wa porini kabisa. Faru nao waliletwa miaka hiyo hiyo lakini majangili waliwamaliza. Mwaka 2000 wakaachiwa kasuku wa kijivu waliokamatwa kwenye biashara haramu. Asubuhi utaamshwa na furukombe, sauti yake inakata maji kama filimbi.

Simba hakuna, chui hakuna. Kwa hiyo unatembea kwa miguu msituni, ila lazima uwe na askari wa hifadhi. Sokwe hawana ratiba, unaweza kutembea nusu siku ukaambulia kinyesi na viota tu. Kama una mafua au kikohozi usiende kuwatafuta, magonjwa yetu yanawaua.

NJIA

Kutoka Mwanza unapanda basi la Geita. Zamani mlikuwa mnapanga foleni ya kivuko Kigongo, lakini tangu Juni 2025 daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa, unapita tu. Kutoka Geita unaenda Nkome ukapande boti, au unasogea upande wa Chato hadi Muganza na Kasenda. Piga simu hifadhini KABLA hujatoka nyumbani, uulize boti inaondoka lini, wapi, na inatozwaje, kwa kichwa au kwa safari. Hiyo ndiyo inayokula hela kuliko vyote, kwa hiyo nendeni kundi. Kiingilio na ada ya kambi vinalipwa mbali mbali. Beba kitambulisho cha NIDA, na lipieni kabisa kabla ya kufika, usitegemee kutoa hela mkononi.

BOTI (SOMA HAPA)

Sisi tulikuwa wanne. Tulichelewa, tukafika mwaloni saa kumi na moja jioni, boti ya hifadhi imeshaondoka. Akaja jamaa mmoja wa mtumbwi wa injini, bei yake chini ya nusu. Humo tayari kuna watu, magunia, na kuku. Nikauliza maboya yako wapi, akanionyesha moja, limechanika. Mshikaji wangu akasema twende bwana, giza halijaingia, hela ya gesti tunaitoa wapi? Kusema kweli na mimi mguu mmoja ulishaingia majini.

Kilichonirudisha ni mama muuza dagaa. Akaniita, "Mwanangu, wewe sio wa ziwani. Upepo wa jioni hauoni hapo?" Akanyoosha mkono, kule mbali maji yameshakuwa meusi na kuna mistari myeupe. Tukarudi. Usiku ule mabati ya gesti yalipiga kelele hadi alfajiri. Asubuhi tulisikia mtumbwi ule uligeuza njiani ukarudi nchi kavu, mizigo karibu yote imemwagwa ziwani ili watu wabaki. Wangekuwa wamezidi wanne, sijui.

Hili ziwa halina utani. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, wakafa mamia. Septemba 20, 2018 MV Nyerere ikapinduka mita chache tu kabla ya gati la Ukara ikiwa imejaza kupita uwezo, wakafa watu 228. Sheria zangu sasa ni tatu: boya kwa kila kichwa na limefungwa mwilini, safari iwe asubuhi, na chombo kikizidi natoka hata kama nimeshalipa. Tena kuingia hifadhini kwa mtumbwi wa panya ni kosa, utakamatwa.

KAMBINI

Nenda Juni hadi Agosti, mvua ni kidogo. Masika, Machi hadi Mei, hema litakuwa bwawa. Vya kubeba: hema, turubai la kutandika chini, shuka nzito, tochi, chandarua au dawa ya mbu, jiko dogo la gesi na chakula chote hadi chumvi. Usibebe mifuko ya plastiki, ilipigwa marufuku nchi nzima Juni 2019. Nguo nyeusi na za bluu ziache nyumbani, mbung'o wanazipenda sana.

Hema liweke pale utakapoonyeshwa, usijisogeze ufukweni eti upate picha nzuri. Usiku kiboko anapanda kula majani, na hatari ni kusimama katikati yake na maji. Sisi tulimsikia akitafuna kama hatua kumi kutoka kwenye hema, hakuna aliyetaka kwenda haja hadi kunakucha! Chakula kifungie, tumbili ni wezi.

KUOGELEA

Acha. Kwanza mamba. Pili kichocho: vijidudu vinatoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ndani ya dakika chache, wala huhisi kitu. Wiki kadhaa baadaye ndio tumbo, homa, hata damu kwenye choo. Ukishagusa maji, nenda ukapime, dawa ipo na inaponya. Ya kuoga chota kwenye bomba la kambi, au yachemshe kwanza. Ya kunywa chemsha kila mara.

KWA KUMALIZIA

Je, inalipa? Mimi nasema ndiyo. Siku ya pili jioni tulikaa kwenye jiwe, ziwa limetulia kama kioo, hakuna honda wala muziki wa baa. Yule mshikaji aliyetaka mtumbwi ndiye aliyesema turudi tena mwakani. Nikamwambia sawa, ila tunafika mwaloni asubuhi.

Aliyewahi kwenda anisahihishe hapo chini, na mwenye swali aulize. Ukipita mwaloni ukamkuta mama muuza dagaa, nunua kwake.