Unafiki na Kweli katika Habari za Uamsho

Sisi tukaao Masieda, pamoja na jirani zetu wa Mbulu na Hanang, twajua ya kwamba ng'ombe hanunuliwi kwa ngozi. Mnunuzi mwenye akili humtazama meno, humtembeza, ndipo atoapo fedha yake. Ukristo nao hupimwa vivyo hivyo: wimbo wa Jumapili ni ngozi, na kazi za Jumatatu ndizo meno.

Jambo hili lilimsumbua sana mwalimu mmoja wa Uganda, Blasio Kigozi. Wamisionari wa Kiprotestanti walifika Buganda mwaka wa 1877. Baadaye makanisa yakajaa, na kubatizwa kukawa heshima. Walakini wengi walikuwa Wakristo wa jina tu. Mwaka wa 1929 Simeoni Nsibambi, ndugu yake Blasio, alikutana Kampala na tabibu Mwingereza, Joe Church, wa hospitali ya Gahini katika Ruanda, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Blasio mwenyewe akaenda Gahini kufundisha. Alikusudia kuiambia sinodi ya Uganda iamke, na Meza ya Bwana isizoewe na watu wasiotubu; lakini alifariki kwa homa Januari 1936, asipate kusema. Wenzake wakalichukua neno lake.

Uamsho ukaenea hata Tanganyika. Watu waliungama waziwazi, na wezi wakarudisha mali ya watu. Festo Kivengere, mwalimu wa Kigezi, alipookoka alipanda baiskeli yake kama maili 50 kumwendea Mwingereza mmoja aliyemchukia, akamwomba radhi. Hapo twaona kipimo: kuungama kwa kinywa ni kwepesi, bali kurudisha na kupatana kwagharimu.

Hata hivyo uamsho wenyewe ulipata majaribu yake. Mwaka wa 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha Mukono, naye William Nagenda miongoni mwao. Wanafunzi waliona ya kuwa dhambi inafichwa. Wakuu wao waliona ya kuwa wenzao wanahukumiwa kwa kiburi. Kila upande uliuona unafiki wa upande wa pili. Nasi twajifunza ya kwamba hata toba yaweza kugeuzwa ngozi, mtu akaipenda sauti yake mwenyewe anapoungama, kama Farisayo aliyejisifu hekaluni.

Lakini yako matunda yasiyoweza kuigwa. Janani Luwum, aliyeokoka mwaka wa 1948 katika uamsho huo, alikuwa Askofu Mkuu wa Uganda katika siku za Idi Amin. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Amin barua, wakilalamikia mauaji na dhuluma. Kunyamaza kungalikuwa salama zaidi. Tarehe 16 ya mwezi ule akauawa.

Wengi wetu hatutaitwa mbele ya mtawala. Sisi twaitwa mbele ya debe la mahindi lisilojaa, mbele ya ng'ombe mgonjwa tumfichaye mnunuzi ugonjwa wake, mbele ya mpaka wa shamba uliosogezwa usiku. Njia ya mwongo ni fupi, nayo mara nyingi huishia mlangoni pa jirani. Basi, ndugu, kabla hatujasimama kanisani kuungama, twende kwanza kwa yule tuliyemdhulumu, na mali yake tuichukue mkononi.