Vioo vya Harvard na mwanamke aliyevisoma

Mwaka 2024, kazi ya kuingiza kwenye kompyuta zaidi ya vioo 400,000 vya picha za anga vya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ilikamilika. Habari hiyo haielezwi kwa haki bila kumtaja mwanaastronomia Dorrit Hoffleit.

Machi 1963, mwanaastronomia Maarten Schmidt alitangaza kuwa kitu cha angani 3C 273, kilichodhaniwa nyota, kiko umbali wa miaka ya nuru zaidi ya bilioni moja. Vitu vya aina hiyo, vya mbali mno lakini vinavyoonekana kama nyota, ndivyo huitwa kwasari. Hoffleit na Harlan Smith, wote wa Yale, wakavifukua vioo vya Harvard vya tangu 1887, wakakuta kwasari hiyo imekuwa ikififia na kung'aa miaka yote hiyo, pengine kwa kipindi kifupi tu.

Ugunduzi huo ulikuwa mzito. Kitu kinachobadilika mng'ao ndani ya mwezi mmoja hakiwezi kuwa na upana unaozidi sana safari ya mwanga ya mwezi mmoja. Vipi basi eneo dogo hivyo liangaze kuliko galaksi nzima? Mwaka 1964 Edwin Salpeter na Yakov Zeldovich walijibu, kila mmoja kivyake: ni shimo jeusi linalomeza gesi. Gesi hiyo huzunguka, husuguana na kuwaka, na kwa kuwa haiingii kwa utulivu, nuru hupanda na kushuka.

Lakini alipofanya ugunduzi huo, Hoffleit alikuwa amekwisha kuondoka Harvard. Aliingia huko 1929, na vioo vile alivijua kwa miaka mingi. Donald Menzel aliposhika uongozi wa kituo cha kuangalia anga cha Harvard 1952, fedha zilikuwa haba. Akasimamisha upigaji wa picha hizo ili kubana matumizi. Katika kumbukumbu za maisha yake, zilizochapishwa 2002, Hoffleit hafichi uchungu wake. Mwaka 1956 alihamia Yale.

Menzel alikabiliwa na uhaba wa fedha, hilo ni kweli. Hata hivyo alikosea: mng'ao ambao haukupigwa picha wakati ule hauwezi kupigwa tena. Upigaji picha ulirejea mwishoni mwa miaka ya 1960, ukaendelea kwa miongo miwili hivi.

Leo yeyote mwenye intaneti anaweza kuzitazama picha hizo bure. Atakapofika 1953 atakuta mkatiko mrefu, ambao wanaastronomia wanauita Pengo la Menzel. Hakuna darubini itakayoliziba.