Baiskeli Kizimbani

Februari 1942, katika mji mdogo wa Riom katikati ya Ufaransa, likizo za wafanyakazi zilifikishwa mahakamani. Kwenye hati ya mashtaka hazikuandikwa hivyo, bila shaka. Waliosimama kizimbani walikuwa wanasiasa na wakuu wa jeshi, na mmoja wao alikuwa Léon Blum, waziri mkuu wa mwaka 1936, ambaye kabla ya siasa alikuwa mhakiki wa vitabu na tamthilia. Ufaransa ilikuwa imeangushwa na Ujerumani mwaka 1940 ndani ya wiki sita. Serikali ya Vichy ilihitaji mtu wa kubebeshwa lawama, na Blum alifaa: msoshalisti, Myahudi, tena ndiye aliyepunguza saa za kazi na kuwapa wafanyakazi likizo yenye malipo. Kwa lugha ya mtaani shtaka lilikuwa hivi: nyie mlikuwa barabarani na baiskeli zenu wakati Hitler anaunda vifaru.

Ninachokipenda katika kesi ile ni jibu la Blum. Hakuomba radhi kwa ajili ya likizo. Aliwaambia mahakimu kwamba kila alipotoka ofisini kwake na kupita pembezoni mwa Paris, aliziona barabara zimejaa magari makuukuu, pikipiki, na baiskeli zile za watu wawili, mume mbele mke nyuma, wamevaa sweta za kufanana. Akasema kuwa alipoona hayo alihisi ameingiza mwanga kidogo katika maisha magumu. Hebu fikiria, mtu anakabiliwa na kifungo, na katika utetezi wake anataja sweta.

Tuone watu wale walitoka wapi. Mei na Juni 1936, baada ya muungano wa vyama vya mrengo wa kushoto kushinda uchaguzi, wafanyakazi wa Ufaransa waligoma kwa wingi. Hawakugoma kwa kukaa nyumbani. Walibaki ndani ya viwanda, wakalala humo, wakapiga kodiani na kucheza dansi katikati ya mashine. Waajiri wakakubali kuketi mezani. Tarehe 20 Juni ikatoka sheria ya likizo ya malipo ya wiki mbili kwa mwaka, na siku iliyofuata sheria ya saa 40 za kazi kwa wiki. Kijana mmoja aitwaye Léo Lagrange akapewa dhamana ya michezo na mapumziko, jambo ambalo serikali za Ufaransa hazikuwahi kuliona kama kazi yao. Magazeti ya wapinzani yakaibatiza ofisi yake wizara ya uvivu. Yeye akaendelea, akapigania tiketi ya treni yenye punguzo la asilimia 40 ili fundi na mkewe waweze kufika baharini.

Wengi hawakufika baharini. Hata kwa punguzo lile, hoteli ilikuwa ni hoteli. Walikwenda kijijini kwa wazazi, au walitoka tu nje ya mji kwa baiskeli, wakala mkate na soseji kando ya mto, wakarudi jua likizama. Mimi naona hapo ndipo penye uzito wa habari yote. Baiskeli ilikuwepo siku zote. Fundi wa kiwandani alikuwa akiipanda kila alfajiri kwenda kazini na kila jioni kurudi. Sheria haikumpa baiskeli. Ilimpa asubuhi moja ya kuipanda bila kuwahi popote.

Nimekuwa nikisoma mambo haya kwa sababu ya swali ninaloulizwa kila Jumapili. Huwa natoka Mwenge saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua la Dar halijawa kali, nashuka hadi Daraja la Tanzanite, napunga upepo, nageuza. Mlinzi wa pale kwetu, mzee wa makamo, hachoki: “Leo nako wapi, mwanangu?” Nikimjibu “Siendi popote, mzee, nazunguka tu,” anacheka kwa upole, kama mtu anayemstahi mgonjwa. Kwake baiskeli ni chombo cha kazi. Yeye mwenyewe aliwahi kuuza samaki kwa Phoenix, tenga nyuma, Kunduchi hadi Kinondoni. Na hapo kwenye daraja, simu ikiwa mfukoni, kichwa changu nacho hakijafika kupumzika. Kinahesabu habari ngapi zimechapishwa wiki hii, ngapi mhariri amezikalia, na kama hela itatosha kodi ya nyumba.

Kwa hiyo mcheko wa mzee naupa haki yake. Huku kwetu baiskeli imebeba mkaa kutoka Kisarawe, imebeba maziwa, madumu ya maji, mgonjwa wa kupelekwa zahanati. Mpakani Busia imebeba abiria hadi ikazaa neno bodaboda, ambalo pikipiki ilikuja kulirithi. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kuwa unapanda baiskeli ili usahau kazi, umesema kitu cha ajabu kidogo.

Lakini Uingereza nako lilikuwa ajabu. Kabla ya Starley kutengeneza baiskeli yake ya Rover mwaka 1885, yenye magurudumu mawili ya karibu kulingana, na Dunlop kuleta tairi la upepo mwaka 1888, baiskeli ilikuwa mchezo wa vijana wenye pesa na wasioogopa kuvunjika shingo. Ikashuka bei polepole, ikawafikia makarani na wauza maduka. Mmoja wa walioliona hilo ni H. G. Wells. Akiwa kijana mdogo mama yake alimpeleka Southsea kujifunza kazi katika duka la vitambaa, na aliichukia siku zake zote: kusimama tangu asubuhi hadi usiku, kulala bwenini na wenzake juu ya duka. Mwaka 1886 sheria ya Uingereza ilipojaribu kuwaonea huruma vijana wa madukani walio chini ya miaka 18, kikomo ilichoweka kilikuwa saa 74 kwa wiki. Kikomo, jamani!

Wells alipata njia ya kutoka. Mwaka 1896 akachapisha riwaya iitwayo The Wheels of Chance, kuhusu mtu ambaye hakuipata. Hoopdriver ni muuza vitambaa wa Putney, miguu imejaa majeraha ya kujifunzia baiskeli, na kila mwaka ana likizo ya siku kumi. Anazitumia kuendesha kuelekea kusini mwa Uingereza. Njiani anakutana na binti wa tabaka la juu, anajifanya mtu wa Afrika Kusini mwenye kufuga mbuni, anakuwa shujaa kwa bahati tu. Wasomaji wengi wa Wells huiruka riwaya hii, wanakwenda moja kwa moja kwa viumbe wa sayari ya Mars. Wanakosa. Ni kitabu cha kuchekesha, ila chini ya kicheko kuna saa inayohesabu. Kila ukurasa Hoopdriver anajua zimebaki siku ngapi. Siku zinaisha, anarudi kaunta.

Na hapa Afrika Mashariki, muda wa kupumzika nao umegombaniwa sana, hata kama haukupanda baiskeli. Utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, waliokuwa watumwa wakahamia Ng'ambo na kuanza kujijengea maisha. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics, anaufuatilia uhuru wao kupitia kanga, taarabu ya Siti binti Saad na timu za mpira. Mombasa, maofisa wa kikoloni walikerwa na vibarua wa bandarini waliokuja kazini siku walizotaka wenyewe, wakapata cha kuwatosha, wakapumzika. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ilihangaika kuwasajili na kuwabana ili wafanye kazi siku nyingi zaidi. Waliitwa wavivu, kama walivyoitwa wale wa baiskeli za watu wawili.

Kesi ya Riom haikufika hukumu. Washtakiwa walijitetea vizuri mno, wakaonyesha kuwa Pétain mwenyewe, mkuu wa Vichy, alipokuwa waziri wa vita mwaka 1934 bajeti ya jeshi ilipunguzwa. Wajerumani wakachoka, na Aprili ikasimamishwa. Blum alipelekwa Buchenwald, akatoka hai. Lagrange alikuwa ameshakufa vitani, Juni 1940.

Sheria yetu ya kazi ya mwaka 2004 inasema saa 45 kwa wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Ni sheria nzuri, nimeisoma yote. Mimi nalipwa kwa habari iliyochapishwa, sina mkataba, na wiki nisiyoandika ni wiki nisiyolipwa. Hoopdriver, mwaka 1896, alinizidi siku kumi.